Shule Niliyoisifu Huku Nikijua

Sumbawanga,
Alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Shabani,

Nimefunga duka mapema leo. Watu wawili wamekwisha kugonga mlango na kuniita kwa jina, nami nimekaa kimya nyuma ya magunia mpaka wakaondoka. Mama yako yuko uani anafunga mizigo yako, na kila nikichungulia naona ameongeza kitu kingine. Habari za blanketi, za mahali pa kulala Abakoni mkishavuka mpaka, na za kutokula ovyo njiani, amekwisha kukueleza, na wewe umeitikia "ndiyo mama" mara nyingi kuliko ulivyoitikia mwaka mzima. Huko mimi sina la kuongeza. Nina jambo langu ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu mfungo wa Ramadhani. Kesho utakapopanda lori mbele ya watu nitashindwa tena, kwa hiyo ninaliandika. Lisome ukishafika mbali.

Jambo lenyewe ni la kaka yako Hamisi na kile cheti chake.

Umekulia chini ya cheti kile. Kilikuwa juu ya majora ya kitambaa, kati ya saa na kalenda, kwenye fremu ya mninga yenye kioo, na ulijifunzia kusoma herufi kubwa zake kabla hujaanza shule. Mara kwa mara uliniuliza kwa nini mtu mwenye cheti kama kile akaenda kuchimba shaba Rodezia ya Kaskazini badala ya kukaa ofisini. Nilikujibu kwamba kaka yako ni mkaidi. Huo ulikuwa uongo, mwanangu, na niliurudia kila ulipouliza mpaka ukachoka kuuliza.

Hamisi alipomaliza darasa la nane, dereva mmoja wa malori ya Mbeya aliniletea kijitabu cha shule ya biashara ya mtu binafsi iliyokuwa Nairobi. Jalada lake liling'aa. Ndani mlikuwa na picha ya jumba la mawe lenye ghorofa, madirisha mengi, na vijana waliovaa tai wamekaa mbele ya mashine za kupiga chapa. Nilimwomba mwalimu mmoja aniandikie barua ya kuulizia nafasi. Jibu likaja limepigwa chapa, lina muhuri mwekundu, na juu kabisa limeandikwa "Mheshimiwa Bwana Rajabu". Katika mji huu mimi ni Rajabu wa ulezi. Hakuna aliyewahi kuniita mheshimiwa, wala hajatokea mwingine tangu siku ile. Barua ile niliiweka mfukoni mwa kanzu nikawa naitoa hata nikiwa peke yangu.

Unajua ninavyonunua ulezi. Mkulima akishusha gunia sitazami ulezi wa juu. Ninatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nachota wa chini kabisa, nautafuna mbele yake. Wengine wananinung'unikia na siwajali. Lakini shule ya kumkabidhi mwanangu wa kwanza niliitazama jalada na muhuri, nikaridhika. Sikuuliza nani anafundisha pale, wala waliomaliza mwaka uliotangulia wako wapi sasa. Nilikuwa mwangalifu na gunia kuliko na mtoto.

Halafu nikafanya kosa ambalo nadhani mtu wa nyanda hizi ndiye hasa angelifanya. Kabla ya kuuliza mtu yeyote habari za shule ile, nilifanya kisomo. Nilichinja, nikapika pilau, nikaalika Waislamu na Wakatoliki, wa mjini na wa mashambani, nikasimama nikatangaza kwamba Hamisi anakwenda Nairobi kusomea ukarani. Wiki moja baadaye ndipo nikaanza kuulizauliza kama shule yenyewe ni nzuri. Na wewe unawajua watu wa kwetu. Mfipa ukimwonyesha koti lako jipya atalisifu hata kama mkono mmoja umezidi mwingine, kwa sababu kumharibia mtu furaha yake si adabu. Wote niliowauliza walikuwa wamekula wali wangu, na wote walisema ni shule nzuri sana.

Mmoja tu hakusema hivyo. Bwana Anselmi, karani wa Boma, alikuja dukani kununua sabuni, nikamuuliza mbele ya wateja. Alisita kidogo, kisha akasema, "Shule za Nairobi ni nyingi, Mzee Rajabu. Mtihani wao wanautunga wenyewe au unatoka nje?"

Nikamjibu, "Kwani wewe mtihani wako ulitoka mbinguni?"

Watu wakacheka. Anselmi akachukua sabuni yake, akaniaga vizuri, akaenda zake. Nilijiambia kwamba ana kijicho, kwamba hataki mtoto wa muuza ulezi akae kiti kama chake. Nilifurahi siku nzima kwa jibu lile. Leo nikilikumbuka naona aibu.

Hamisi alirudi baada ya mwaka na miezi. Jioni ile ile ya kwanza, kabla hajaoga, aliniambia mambo yalivyo. Jumba lile la kwenye picha lilikuwa la kweli, ila shule ilikuwa chumba kimoja cha juu. Madirisha mengine yalikuwa ya mafundi cherehani na maduka ya watu. Mwenye shule ndiye aliyefundisha, ndiye aliyetunga mtihani asubuhi, ndiye aliyeusahihisha mchana, na jioni akatia sahihi vyeti.

"Baba, hakuna aliyefeli," akaniambia. "Hata kijana mmoja aliyekuwa haji darasani amefaulu. Hapo ndipo nilipoogopa."

Nikamwambia, "Hakuna aliyefeli kwa sababu wanafundisha vizuri."

Kesho yake nilipeleka cheti kwa seremala.

Alikwenda Boma kuomba kazi. Wakampa mashine ajaribu, na akapiga chapa vizuri, kwa sababu alikuwa amejifunza mwenyewe kwa bidii kwenye mashine ya rafiki yake. Lakini serikali ilitaka cheti cha mtihani inaoujua, na chake hakikujulikana na mtu yeyote ila aliyekitia sahihi. Anselmi ndiye aliyemweleza, taratibu, bila kumkumbusha maneno yangu. Hamisi akarudi nyumbani akaniomba nikiteremshe cheti ukutani.

"Kikishuka watu watasemaje?" nikamuuliza.

"Watasema kweli, Baba."

Nikamkatalia. Nilimwambia kwamba jina lililoandikwa pale ni lake na ni langu pia, na kwamba akae atulie, kazi itapatikana. Miezi ikapita akiwa anashona midomo ya magunia kule stoo, na kila mteja aliyeingia alitazama juu na kumpongeza. Aliitikia "ahsante" kila mara. Nilimwona anavyoitikia, na nikakiacha pale pale.

Sasa nifike penye uzito. Unamjua Mzee Patrisi wa Matai, yule mkulima mrefu anayetuletea mahindi na ulezi na kukupa karanga ulipokuwa mdogo. Siku moja katika miezi ile aliingia dukani akavua kofia, akakitazama cheti kwa muda mrefu. Kisha akapiga makofi polepole kwa heshima, kama Wafipa wanavyomwamkia mtu mkubwa, akasema, "Mzee Rajabu, nina kijana wangu Visenti, amemaliza shule ya misheni. Mimi sijui kusoma, lakini wewe ni mtu wa mjini na umekwisha kujaribu. Niambie kama ndugu yangu. Shule hii ni ya kweli?"

Nilijua, Shabani. Sikuwa na shaka hata kidogo. Ningeweza kumwambia maneno matatu tu akaokoka. Lakini dukani mlikuwa na watu, na cheti kilikuwa juu ya kichwa changu, nikasema, "Ni shule nzuri. Si unaona mwenyewe?" Nikanyoosha mkono ukutani. Mzee Patrisi akauza ng'ombe zake, Visenti akaenda.

Hamisi alikuwa stoo akasikia yote. Mzee Patrisi alipoondoka alitoka, sindano ya magunia bado iko mkononi, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nilidanganywa na watu nisiowajua. Visenti amedanganywa na wewe." Wiki iliyofuata akavuka Abakoni akaenda kwenye migodi. Hakuondoka kwa ukaidi, na hakuondoka kwa sababu ya kukosa kazi. Aliondoka kwa sababu hakuweza kukaa nyumba moja na mimi.

Nimewaza sana sifa ya shule hutoka wapi. Zamani nilidhani hutoka kwenye jumba, au kwenye karatasi nzuri, au hukohuko mijini wanakojua mambo. Kumbe inatoka kwa watu kama mimi. Huku Ufipa nzima, kuanzia Kirando ziwani mpaka Ilemba bondeni, hakuna aliyeijua shule ile isipokuwa kwa mdomo wangu. Sifa yake ilikuwa mimi, na mimi nilikuwa naificha aibu yangu. Tangu hapo, mtu akiisifia shule aliyosoma mwanawe, huwa najiuliza kwanza atapoteza nini akisema kinyume.

Visenti alirudi na cheti kama kile kile. Analima na baba yake mpaka leo. Mzee Patrisi hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniletea ulezi, kuniamkia kwa makofi yale yale, kuuliza hali ya mama yako. Angenitukana ningepumua. Ile adabu yake ilinichoma kila msimu wa mavuno.

Ndipo mwaka jana wewe ukaja na tangazo la shule ya biashara ya Ndola, huko huko Rodezia aliko kaka yako, ukaniambia unaitaka. Ulinikuta nimenyamaza, ukadhani nakunyima. Nilikuona unavyozunguka nyumba umenuna, na mama yako akanisema, "Baba Hamisi, mtoto anataka jibu." Ukweli ni kwamba niliogopa. Katika nchi ile nilimjua mtu mmoja tu anayeweza kuitazama shule bila kudanganyika, na mtu huyo alikuwa haniandikii.

Nikamwandikia Hamisi. Ilikuwa barua yangu ya kwanza kwake tangu aondoke, maana zile nyingine zote aliandika mama yako. Sikuomba msamaha humo. Niliona kwamba nikiomba msamaha na msaada katika karatasi moja, ataona namtengenezea njia ya kumtumia. Niliandika tu, "Mdogo wako anaitaka shule hii. Tafadhali kaitazame."

Miezi miwili ikapita. Jibu likaja kurasa tatu, na zote ni za shule. Sitakuficha kitu: hakuna salamu juu, hakuna "Baba mpendwa", imeanza moja kwa moja. Anasema shule ni vyumba viwili, paa linavuja, mashine ni kuukuu. Mwenye shule ni mzee mmoja wa Nyasa aliyekuwa karani. Hamisi alimwomba majina ya wanafunzi wa mwaka uliopita, na yule mzee akampa yote, waliofaulu na waliofeli, na waliofeli walikuwa wengi kuliko waliofaulu. Kaka yako akawatafuta waliofeli kwanza. Mmoja alimkuta anauza mkaa, akamuuliza kama alionewa, naye akasema hapana, mtihani ulikuwa mgumu na yeye hakusoma. Karatasi za mtihani zinatoka Uingereza kwa posta, zimefungwa kwa lakiri. Zinafunguliwa mbele ya mtu wa ofisi ya elimu asiyehusika na shule, kisha zinarudishwa hukohuko kusahihishwa. Akaenda kwenye ofisi ya mgodi anakofanya kazi, akauliza kama wanawachukua vijana wa pale. Wakamwambia wanawachukua waliofaulu, na wakamtajia majina.

Pia akaandika, "Lakini Ndola si Sumbawanga. Huenda cheti kinajulikana huku, huko hakijulikani. Nenda Boma ukaulize kabla hajapanda gari." Alijua vizuri ananituma kwa nani.

Nilikwenda. Nilipanga foleni pamoja na watu wa kodi, na zamu yangu ilipofika sikumuuliza Bwana Anselmi habari za shule. Nilimwomba kwanza radhi kwa maneno ya siku ile ya sabuni, nikasema kwa sauti ya kusikika, maana na mwanzo nilisema kwa sauti. Akastaajabu. Akasema, "Mzee, hayo ni ya zamani mno," lakini niliona ameshayakumbuka. Kisha akafungua faili lake akatafuta, akaniambia mtihani huo wanaujua na wanaukubali. Ndiyo maana nilikuja nyumbani mchana ule nikakwambia unaweza kwenda.

Jumapili iliyofuata ulinikuta nimekiteremsha cheti, nikakwambia kioo kimepasuka. Hakikupasuka. Nilikuwa najiandaa kwenda Matai.

Nilimkuta Mzee Patrisi na Visenti shambani, wanakata majani na kuyafukia kwenye matuta ya msimu ujao. Wakanikalisha kivulini kwa heshima zote, wakataka kuniletea maji. Nikawaambia wasubiri, nikawaeleza kwamba siku ile dukani nilijua. Mzee Patrisi aliinamisha kichwa. Visenti ndiye aliyezungumza. Alisema, "Shikamoo, Mzee," kama vile nimefika wakati ule, kisha akasema, "Miaka yote hii Baba akisononeka nilikuwa namwambia, Mzee Rajabu hakujua, naye alidanganywa kama sisi. Nilikuwa nakutetea."

Mzee Patrisi alinisindikiza hadi barabarani, kama desturi, na tulipoagana hakupiga makofi. Msimu huu ulezi wake amempelekea mnunuzi mwingine, na ana haki. Lori lenu litapita Matai kesho. Ukimwona yeye au mwanawe, shuka uwaamkie vizuri. Wao hawana ugomvi na wewe.

Najua umeumia kwamba wewe sikukufanyia kisomo. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwamba wa kwanza alichinjiwa mbuzi na wa mwisho anaondoka na chapati. Sikufanya kwa sababu nataka uwe huru kurudi. Watu wakiniuliza unakwenda wapi, nawajibu unakwenda kujaribu shule ambayo mimi siijui, na kwamba ukiona haifai utarudi. Wengine wananitazama kama nimeanza kuzeeka. Ukifeli, niandikie umefeli. Ukiona shule imeharibika, mwenye shule amekufa au mtihani umebadilishwa, usimalize mwaka kwa kunionea haya. Rudi uingie kwa mlango wa mbele wa duka, wateja wakiwemo, nami nitasema mbele yao kwamba tulikosea. Mbuzi tutamchinja ukirudi, kwa lolote utakalorudi nalo, na hakuna atakayelazimika kuisifu shule kwa sababu amekula pilau yangu.

Kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, kaka yako ameandika, "Aje. Nitampokea." Hayo ni yako. Mimi nimeisoma barua ile mara nyingi, mbele na nyuma ya karatasi, nikitafuta neno langu, na sikuliona. Nililia, mama yako ni shahidi. Lakini kwa ajili hiyo hiyo naiamini kila herufi yake kuhusu shule ile, kwa sababu ameiandika mtu asiyetaka kunifurahisha. Laiti ningekuwa na barua ya namna hiyo wakati wake yeye.

Unakwenda kuishi chumba kimoja naye. Nimewaza sana nikupe maneno gani umfikishie, nimeandika na kufuta, mwisho nimeona nisikubebeshe kitu. Usimpelekee salamu zangu, wala usinitafutie suluhu. Mle pamoja, msikilize, umheshimu kama mkubwa wako. Akikuuliza habari zangu, mpe barua hii aisome yote. Asipouliza, usinitaje.

Mungu akufikishe salama.

Baba yako,
Rajabu